Hofu Mbili: Kisukari cha Utotoni na Akili ya Mtoto katika Muda wa Miaka Mia

Aghalabu kisukari hutajwa kwetu kuwa ni maradhi ya watu wazima walioneemeka, na katika mazungumzo ya barazani huitwa hata ugonjwa wa matajiri. Lakini kuna kisukari kingine, ambacho matabibu wamekiita cha aina ya kwanza, nacho hakiulizi umri wala mali. Humjia mtoto wa miaka kumi, au wa miaka mitatu, au mchanga zaidi. Walinzi wa mwili wake mwenyewe huzigeukia chembe za kongosho zitoazo insulini wakaziua, na tangu hapo sukari ya chakula haina mlango wa kuingilia katika misuli yake. Hubaki katika damu, hutoka kwa mkojo, na mtoto hukonda ilhali anakula, huona kiu ilhali anakunywa.

Insha hii haihusu macho, figo wala miguu, viungo ambavyo kila mtu ajua kwamba kisukari huviharibu. Yahusu ubongo wa mtoto na kusoma kwake. Je, maradhi haya huidhuru akili inayokua? Swali hili lina umri wa karne moja, na jibu lake limegeuka zaidi ya mara moja. Mimi ni mwalimu wa lugha, si tabibu, nami naliendea kwa njia ya historia, kwa kuwa naona historia yake ni historia ya hofu mbili: hofu ya sukari kupungua na hofu ya sukari kuzidi. Hofu ya kwanza ilionekana kwa macho. Kwa sababu hiyo iliifunika ya pili kwa miaka mingi, na waliolipa gharama ya kufunikwa huko ni watoto wadogo.

Kabla ya mwaka 1922 swali lenyewe halikuwa na maana, kwani mtoto hakuishi muda wa kutosha hata akili yake ipimwe. Dawa pekee iliyoweza kumwongezea siku ilikuwa njaa. Daktari Frederick Allen wa New York alipanga kwamba mwili usioweza kutumia chakula upewe kidogo mno, na Daktari Elliott Joslin wa Boston akaifuata njia hiyo. Wazazi walifunga makabati ya vyakula kwa kufuli ili mtoto wao asiibe mkate. Hivyo walichagua mauti ya polepole badala ya mauti ya haraka, wakitumaini kwamba katika uchelewesho huo jambo lingetokea.

Jambo lilitokea Toronto, Kanada. Tarehe 11 Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alipigwa sindano ya maji yaliyotolewa katika kongosho la ng'ombe, kazi ya Frederick Banting na Charles Best chini ya Profesa Macleod. Dawa ile ilikuwa chafu na haikumfaa sana. Mwanakemia James Collip akaisafisha, na tarehe 23 ya mwezi ule ule kijana akapigwa tena, sukari yake ikashuka, akaishi miaka mingine 13. Wagunduzi waliiuza haki ya ugunduzi wao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mtu, habari ambayo yafaa ikumbukwe na kila anayeijua bei ya insulini leo.

Mwezi wa Agosti mwaka huo akaletwa Toronto binti mmoja, Elizabeth Hughes, ambaye baba yake alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani. Alikuwa anatimiza miaka 15, na uzito wake ulikuwa ratili 45, yaani kama kilo 20, uzito wa mtoto anayeanza shule. Alikuwa ameishi kwa njaa ya Daktari Allen tangu mwaka 1919. La kustaajabisha ni kwamba binti huyu, ambaye nguvu za mwili zilikuwa karibu kumwishia, alikuwa msomaji hodari wa vitabu, akimwandikia mama yake barua nyingi zenye uchangamfu. Barua hizo zingalipo, na anayezisoma haoni humo akili iliyonyauka. Baada ya insulini alirudi shule, akamaliza chuo cha Barnard mwaka 1929, akaolewa, akazaa, na akafa mwaka 1981 akiwa ameficha maradhi yake kwa karibu watu wote aliojuana nao.

Mtu angeweza kusema kwamba habari ya Elizabeth yatosha kulimaliza swali letu. Haitoshi. Maradhi yalimshika akiwa na miaka 11, na tutaona kwamba umri huo ni sehemu kubwa ya jibu. Lakini katika mwaka 1922 hapana aliyejua hivyo.

Insulini ilipoenea, mtoto mwenye kisukari akaacha kuwa maiti anayengojewa na akawa mwanafunzi. Hapo ndipo hofu ya kwanza ilipozaliwa. Insulini ikizidi, au mtoto akicheza mno, au akichelewa kula, sukari ya damu hushuka. Mikono hutetemeka, jasho la baridi humtoka, maneno humpotea, macho hutazama yasione, na ikishuka zaidi huanguka kwa degedege. Ubongo hauna ghala la chakula. Hula sukari inayoletwa na damu saa kwa saa, na ubongo wa mtoto hula kuliko wa mtu mzima. Mwaka 1957 Kennedy na Sokoloff walipima damu ipitayo katika vichwa vya watoto, wakaona kwamba ubongo hutumia karibu nusu ya hewa safi inayotumiwa na mwili mzima uliopumzika. Mahesabu yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba mlaji huyu hufikia kilele chake mtoto akiwa na miaka kama mitano, ambapo sukari aitumiayo yalingana na kama thuluthi mbili za nguvu ambazo mwili uliotulia huzihitaji. Mlaji wa namna hii akinyimwa chakula hata kwa dakika chache, hapana budi aonyeshe.

Yafaa tukae kidogo katika jikoni ya mama wa mtoto huyo katika miaka ya 1930 au 1940, kwa sababu mengi ya baadaye yametoka humo. Mama huyu hakuwa na njia ya kupima damu nyumbani. Alipima mkojo. Aliuchanganya na dawa ya Benedict, maji ya rangi ya samawati, akauchemsha, na rangi ikamwambia habari: ikibaki samawati mkojo hauna sukari, ikiwa kijani ipo kidogo, ikiwa manjano imeongezeka, na ikiwa nyekundu ya tofali imejaa. Lakini sukari haimwagiki katika mkojo mpaka damu iwe imefurika nayo. Kwa hiyo rangi ya samawati ilikuwa na maana mbili zisizopatana. Iliweza kumwambia mama kwamba mtoto wake ni salama kabisa, na iliweza kumwambia kwamba baada ya nusu saa ataanguka. Chombo hakikuweza kuzitenga. Mama aliyekwisha kumwona mwanawe akitupa mikono na povu likimtoka kinywani hakusahau. Siku nyingine akiona samawati moyo ulimshtuka, na akiona kijani alipumua. Hivi ndivyo sukari kidogo iliyozidi ilivyopata sifa ya kuwa rafiki, si kwa ujinga wa wazazi wala uzembe wa madaktari, bali kwa sababu ya chombo kilichokuwa na lugha pungufu.

Wakati huo huo walitokea watu waliotaka kupima akili kwa vipimo. Mwaka ule ule wa 1922 Miles na Root waliwapima wagonjwa wa Joslin huko Boston, watu wazima, wakakuta kwamba kumbukumbu na usikivu wao vilikuwa chini ya vya wasio wagonjwa, na kwamba hali ilikuwa bora baada ya tiba. Jambo hili lilikuwa na uzito, kwani wagonjwa wale walikuwa na sukari nyingi, si chache. Lingefuatwa, huenda historia ingekwenda njia nyingine. Halikufuatwa sana. Katika miaka ya 1930 baadhi ya waandishi wa kitabibu walidai kinyume, kwamba watoto wenye kisukari walikuwa na akili kuwazidi wenzao. Dai hili lilifurahisha, na sababu yake, kwa maoni yangu, haikuwa ndani ya vichwa vya watoto. Mtoto aliyefika katika kliniki mashuhuri ya Boston katika zama zile alikuwa mtoto wa nyumba yenye fedha, vitabu na wazazi wasomi; aliyekosa hayo hakufika, au alifika akafa. Waliopimwa walikuwa ni matabaka ya watu, wakadhani wamepima maradhi.

Njia ya kuepuka kosa hilo ni nyepesi mtu akiisha kuonyeshwa: umlinganishe mtoto mgonjwa na ndugu yake wa tumbo moja, aliyelala nyumba ile ile na kula sahani ile ile. Hivyo ndivyo walivyofanya Ack, Miller na Weil, na habari yao ilichapishwa Marekani mwaka 1961. Kwa jumla watoto wagonjwa hawakuachwa na ndugu zao. Lakini walipowatenga wale walioshikwa na maradhi kabla ya kutimiza miaka 5, wakaona kwamba hao walikuwa chini ya ndugu zao. Kwa mara ya kwanza swali likapata umbo lake sahihi. Halikuwa tena "je, kisukari hupunguza akili?" bali "kimeanza lini?"

Miaka mingi ikapita kabla ya wengine kulichukua swali hilo kwa nguvu. Mwaka 1985 Christopher Ryan na wenzake wa Pittsburgh walitoa matokeo ya vijana 125 wenye kisukari, na wale waliokipata wakiwa wadogo sana walionekana nyuma katika vipimo vingi vya akili, kumbukumbu na wepesi wa mkono na jicho. Muda mfupi baadaye Joanne Rovet na wenzake, katika mji ule ule wa Toronto ulioitoa insulini, walipata mambo yenye kufanana nayo. Wote walikubaliana juu ya umri. Na walipotafuta sababu, wengi waliinyoshea kidole sukari iliyoshuka. Ilikuwa hoja yenye mantiki. Mtoto mdogo hawezi kusema kwamba anajisikia vibaya. Hushuka sukari usiku akiwa amelala. Hupata degedege mara nyingi kuliko mkubwa. Na ubongo wake ndio kwanza unajijenga. Hofu ya mama wa jikoni ikapata cheti cha chuo kikuu.

Sasa nafika mahali ambapo historia hii inanisikitisha. Katika mwaka 1968 tabibu wa Irani, Samuel Rahbar, aliyekuwa akifanya kazi Tehran, alionyesha kwamba damu ya wagonjwa wa kisukari ina hemoglobini ya namna ya pekee iliyozidi kiasi. Kutokana na ugunduzi huo kikapatikana kipimo kiitwacho A1c, ambacho hueleza wastani wa sukari katika damu kwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Rangi ya samawati ikastaafu. Mwaka 1983 ukaanza huko Marekani na Kanada uchunguzi mkubwa wa watu 1,441, nusu wakitibiwa kwa desturi ya zamani na nusu kwa sindano nyingi au pampu, ili sukari yao ikaribie ya mtu asiye mgonjwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1993. Kuharibika kwa macho kulipungua kwa asilimia 76 kwa wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima, na figo na neva zikanusurika vivyo hivyo. Ila sukari kushuka vibaya kuliongezeka mara tatu.

Katika watu wale 1,441 hapakuwa na mtoto hata mmoja aliye chini ya miaka 13. Waliachwa kwa huruma. Basi dunia ilipojifunza kwamba sukari iliyozidi ni adui, somo hilo liliandikwa kwa watu wazima na vijana, na watoto wadogo wakatungiwa somo jingine. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2005 uliwataka vijana wa miaka 13 na kuendelea wawe na A1c chini ya asilimia 7.5; watoto wa miaka 6 hadi 12 waliruhusiwa kukaribia 8; na wale walio chini ya miaka 6 wawe kati ya 7.5 na 8.5. Yaani kadiri ubongo ulivyokuwa mchanga, ndivyo ulivyoachiwa sukari nyingi zaidi. Walioandika hayo hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanamlinda mtoto dhidi ya kitu walichokwisha kukiona, na kile wasichokiona hawakukihesabu.

Lakini dalili zilikuwa zimekwisha kuanza. Melbourne, Australia, Elisabeth Northam na wenzake waliwachukua watoto tangu wiki za kwanza za maradhi yao, wakawafuata pamoja na wenzao wasio wagonjwa kwa muda wa miaka 12. Taarifa zao za miaka ya 1998, 2001 na 2009 zilionyesha tofauti ndogo lakini zisizofutika katika usikivu, wepesi wa kufikiri na kipimo cha jumla cha akili, na sukari iliyozidi ilikuwa miongoni mwa washitakiwa. Mwaka 2007 nao wakarudi wale wa uchunguzi wa 1993. Walikuwa wamewapima watu 1,144 miaka 18 baada ya kuingia katika uchunguzi, wakakuta kwamba waliowahi kuzimia kwa sukari kushuka, hata mara kadha wa kadha, hawakuwa wamepungukiwa akili kwa sababu hiyo. Waliokuwa nyuma, katika wepesi wa mkono na wa kufikiri, ni wale waliokaa na A1c ya juu. Matokeo hayo hayawezi kubebwa yakatwikwa juu ya mtoto wa miaka mitatu, kwa sababu zilizotajwa. Lakini yaliitikisa nguzo.

Kisha zikaja picha za sumaku, zioneshazo ubongo bila ya kuupasua. Vituo vitano vya Marekani vilikusanya watoto 144 wenye kisukari, wa miaka 4 hadi chini ya 10, na wengine 72 wasio nacho. Wakawapiga picha, na baada ya miezi 18 wakawapiga tena. Ubongo wa watoto wote ulikuwa umekua, kama ipasavyo. Ila kwa wenye kisukari ukuaji ulikuwa wa polepole katika sehemu kadha wa kadha, katika tabaka la kijivu penye chembe zenyewe na katika tabaka jeupe penye nyaya za kuziunganisha. Na upole huo ulifungamana na sukari iliyozidi, si iliyoshuka. Habari hii ilitangazwa mwaka 2015. Vipimo vya akili vya wakati huo havikuonyesha tofauti ya maana, na baadhi ya watu walifarijika. Lakini watoto wale wale walipofuatwa mpaka kukaribia ujana, taarifa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba tofauti za ubongo zimedumu na tofauti ya alama chache za akili imejitokeza.

Kwa nini sukari nyingi iudhuru ubongo, ilhali ubongo ndio unaoila? Msomaji akumbuke kwamba misuli huingiza sukari kwa ruhusa ya insulini, lakini ubongo hauhitaji ruhusa hiyo. Mlango wake haufungwi. Siku ambazo misuli inalia njaa kwa kukosa insulini, ubongo unafurika.

Na kuna mafuriko yaliyo makubwa kuliko yote, nayo ni yale ya siku ya kwanza. Mtoto ambaye maradhi yake hayajatambuliwa hukosa insulini kabisa. Mwili huanza kuyachoma mafuta, na uchomaji huo huacha asidi katika damu. Mtoto hutapika, huhema kwa nguvu, pumzi yake hunukia kama matunda yaliyoiva mno, kisha fahamu humpotea. Hali hiyo yaitwa ketoasidosisi. Kwa muda mrefu ilihesabiwa kwamba mtoto akitoka humo hai amepona. Mwaka 2014 Fergus Cameron na wenzake wa Melbourne walionyesha, kwa picha za sumaku na kwa vipimo, kwamba ubongo wa watoto waliopita humo hubadilika siku zile za mwanzo, na kwamba miezi sita baadaye kumbukumbu na usikivu wao vilikuwa bado nyuma ya vya watoto ambao kisukari chao kiligunduliwa mapema. Mwaka huo huo wa 2014 Wamarekani waliufuta mwongozo wa mwaka 2005, wakaweka kipimo kimoja kwa watoto wa kila umri: chini ya asilimia 7.5.

Nimesema mengi ya kutisha, na haki yadai nitaje ukubwa wa jambo lenyewe. Tofauti zinazosemwa ni alama chache katika kipimo ambacho wastani wake ni 100. Huko Uswidi, taarifa ya mwaka 2007 iliyotokana na madaftari ya nchi nzima ilionyesha kwamba watoto wenye kisukari hupata alama za shule zilizo chini kidogo, hasa walioshikwa wakiwa wadogo. Huko Denmark, taarifa iliyochapishwa mwaka 2019 ililinganisha zaidi ya watoto 630,000, kama 2,000 kati yao wakiwa na kisukari, katika mitihani ya kusoma na hesabu, na haikuona tofauti yoyote ya maana. Denmark mtoto hupata insulini bure, hupata vipimo, na shule hupewa habari. Sioni kwamba taarifa hizi zapingana na picha za sumaku. Zaonyesha kwamba ubongo wa mtoto ukishikwa vema una nguvu ya kulipa madeni mengi. Na wastani hausemi habari ya mtu mmoja. Theodore Ryder alipatwa na kisukari akiwa na miaka 4, akaanza insulini Toronto mwaka 1922 akiwa bado hajatimiza miaka 6, na uzito wake ulikuwa kama kilo 12. Kwa kanuni zote za insha hii alikuwa mtoto wa hatari. Alifanya kazi ya maktaba, akaishi na insulini miaka 70, akafa mwaka 1993.

Miaka kadhaa iliyopita nilisahihisha jaribio la mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili. Kurasa mbili za mwanzo zilikuwa safi, hoja yake juu ya viambishi ikienda hatua kwa hatua. Ukurasa wa tatu sentensi zilikosa vitenzi, herufi zililala ubavu, na neno moja lilirudiwa mara nne mfululizo. Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: Uzembe. Alikuja ofisini, akaniamkia kwa adabu, wala hakulalamika. Alinionyesha kifaa kidogo cha kupimia damu chenye tarehe na saa ya jaribio lile, na tarakimu iliyokuwa chini sana. Akanieleza kwamba baada ya kunywa soda sukari hurudi kwa dakika chache, ila akili huchelewa nusu saa au zaidi, na muda wa jaribio ulikuwa umekwisha. Alikuwa na maradhi hayo tangu darasa la pili. Katika shule ya msingi, alisema, walimu walimwita goigoi.

Nimelifikiri sana neno hilo. Kiswahili kina utajiri wa majina ya mtoto asiyesikia somo: mzito, goigoi, zuzu, mbumbumbu, mtoro wa mawazo. Majina yote hayo yamtaja mtoto, na hapana hata moja linalotaja hali inayokuja na kupita. Mtoto ambaye sukari yake imeshuka saa nne asubuhi na ambaye saa tano ni hodari wa hesabu hana jina katika darasa letu, basi hupewa mojawapo ya yale yaliyopo. Na jina likishika, humfuata hata saa tano. Wala yule ambaye sukari imemzidi hana bahati bora. Yeye huomba ruhusa ya kwenda chooni mara tatu katika kipindi kimoja, na huitwa mtoro.

Kwetu hofu hizo mbili bado zina mbele yake hofu iliyo kongwe kuliko zote mbili, ile ya mwaka 1921. Madaktari wa Muhimbili, Dar es Salaam, waliandikisha wagonjwa wa kisukari 1,250 kati ya mwaka 1981 na 1987, na katika hao 272 walikuwa wa kuhitaji insulini. Taarifa yao ya mwaka 1990 ilishughulika zaidi na nani aliishi na nani alikufa, na ndivyo ilivyostahili. Shirika la Afya la Dunia liliitia insulini katika orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima mwaka 1977. Lakini orodha haipeleki chupa kijijini, wala haiweki jokofu, na ziko nyumba ambazo insulini huwekwa katika chungu chenye mchanga na maji ili isiharibike kwa joto. Mtoto anayetapika na kuhema katika nchi zetu hudhaniwa kwanza kuwa ana malaria, na mara nyingi dhana hiyo huwa kweli. Isipokuwa kweli, siku mbili za dawa ya malaria ni siku mbili za asidi katika ubongo. Kipimo cha kuzitenga hali hizi ni tone moja la damu kidoleni, na hugharimu dakika moja.

Taarifa moja ya mwaka 2022 yatoka upande wa pili wa utajiri. Vijana 44 wa Marekani wenye kisukari waligawanywa, baadhi wakatumia kwa miezi sita mashine inayopima sukari na kutia insulini yenyewe usiku na mchana, wengine wakabaki na tiba ya kawaida. Wale wa mashine sukari yao ilitulia, na picha zao za ubongo zikasogea kuelekea za vijana wasio na maradhi. Muda wote wa jaribio ulikuwa miezi sita tu, katika ubongo uliokwisha kuishi na kisukari kwa miaka. Mwanafunzi wangu nilimpa jaribio jingine, siku nyingine, saa tatu asubuhi baada ya kula. Lile la kwanza nililifuta katika daftari, ila wino mwekundu haukufutika katika karatasi yake, naye aliichukua akaondoka nayo.